Nangila Aliyeuza Tenti za Matanga

Kazi yangu ni kubeba tenti za matanga. Nasema hivyo kwa mazoea tu, maana kazi yenyewe iliuzwa, na aliyeiuza ni mwanamke mmoja anayeitwa Nangila, muuza dagaa wa barabara ya Majanji, ambaye mpaka leo hajaniomba radhi. Kila nikienda kwake napanga kumkasirikia. Nikifika ananiwekea ugali na samaki, halafu ananiuliza kwa nini nimenuna kama mkwe aliyenyimwa kuku. Hasira yote inaishia hapo.

Mimi ni Badiru. Nina pikapu nyeupe iliyoanza kuchakaa, na kwa miaka kumi na moja niliifanyia kazi Tuzikane. Tuzikane ni chama cha mazishi cha watu wetu wa Busia, Wasamia wengi wao, wa upande wa Uganda na wa upande wa Kenya, maana koo ni zilezile. Kila nyumba ilitoa mchango wa mwezi. Mtu akifa, chama kilileta tenti nne, viti vya plastiki mia nne, jenereta, spika, na sufuria kumi na mbili ambazo ungeweza kumwogeshea ndama. Mletaji nilikuwa mimi. Kwetu Waislamu mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika, hakuna cha tenti wala spika. Nilikuwa nawatazama wenzangu wakikaa siku nne chini ya tenti, nashangaa moyoni, na mdomo naufunga, kwa sababu siku nne hizo ndizo zilizowalipia wanangu karo.

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Nangila. Mfupi, mnene kidogo, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Hana mswalie Mtume. Sufuria ikirudi imebonyea, ataibeba mwenyewe mpaka kwa wafiwa awaulize nani aliyeipiga. Mwenyekiti wetu alikuwa Erastus Oundo, mwalimu mkuu mstaafu wa suti ya kahawia na hotuba za saa nzima, lakini ukweli ni kwamba watu walimheshimu Erastus na kumwogopa Nangila.

Sasa kulikuwa na kifungu kimoja katika katiba ya Tuzikane. Mtoto wa chini ya miaka mitano hakupewa tenti. Huku kwetu mtoto mdogo huzikwa upesi, na watu wachache, bila ng'ombe wala hotuba. Katiba ilisema familia ya mtoto ipewe sukari kilo mbili na sabuni miche miwili. Sukari ni ya chai ya hao wachache watakaokuja. Kila Januari Nangila alinunua gunia zima, akaipima kwenye mifuko ya kilo mbili mbili, akaipanga stoo. Tuliiita "sukari ya watoto," na tulilitamka jina hilo kila wiki bila kusikia tunachosema.

Mimi niliibeba sana. Niliwabeba na watoto wenyewe, kutoka hospitali kurudi nyumbani, na hao sikuwahi kuwatoza hata shilingi. Mama anakaa mbele pamoja nami, mtoto amefungwa shuka, amepakatwa kama amelala, ili askari wa barabarani wasianze maswali. Msimu wa mvua niliwabeba wawili kwa wiki. Nikirudi nyumbani mke wangu Hajarah alikuwa ananitazama tu usoni, anakwenda kunichotea maji ya kuoga.

Nangila mwenyewe alishapewa mifuko miwili ya sukari hiyo. Wa kwanza ni wa Arnold, mwaka mmoja na miezi miwili, degedege. Wa pili ni wa binti aliyeishi siku tisa. Aliniambia siku moja tukiwa njiani, akitazama dirishani.

"Unajua nilifanya nini na ile sukari, Badiru? Niliweka juu ya kabati. Ikakaa pale mpaka ikawa jiwe. Ningetia kwa chai, ningekuwa nakunywa nani?"

Nilibadilisha gia tukaendelea.

Halafu, miaka minne iliyopita, akaja Daktari Shallon. Ni mzaliwa wa Kirewa, daktari bingwa wa watoto, na alikuja kufanya kazi katika hospitali moja ndogo ya kanisa kwenye barabara ya Tororo. Kabla yake, mtoto akizidiwa uliambiwa umpeleke Mbale, au uvuke Kenya, na kama huna nauli uliambiwa uombe Mungu. Shallon ni mwembamba, anatembea haraka, na anawafokea akina mama waliokwenda kwanza kwa mganga. Lakini aliwafundisha manesi kumpa mtoto hewa kwa mpira uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu, na akawa anashinda wodini mpaka mapovu yale yamemridhisha. Sandra, mjukuu wa Nangila, aliingia pale ana miezi mitano, midomo imekuwa ya buluu kwa nimonia. Siku ya tisa alitoka akilia kwa nguvu zake zote. Tangu hapo kila Ijumaa Nangila alimpelekea daktari samaki, na asipopokelewa samaki wake hakuondoka.

Januari iliyofuata Nangila alifungua stoo ili atoe nafasi ya gunia jipya. Akakuta nusu ya gunia la zamani bado ipo. Mwaka uliofuata lile jipya lilibaki karibu lote, na sisimizi walikuwa wamelipata. Aliniita.

"Hajji, njoo uone." Ananiita Hajji kwa kunitania, anajua fika kwamba Makka naijua kwenye kalenda tu.

Nikachungulia. "Sisimizi hao. Nunua dawa."

"Wewe huoni. Tazama mifuko. Hii yote ilikuwa iende wapi?"

Ndipo nilipoona. Nilisimama pale mlangoni nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipombeba mama na shuka mbele ya gari langu, na ilinichukua muda kukumbuka. Nangila hakununua sukari tena.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili mwaka huu, Nangila alitoka hospitalini akaingia kwenye gari bila kufunga mlango vizuri. Nilimuuliza kuna nini. Tulikwenda karibu nusu ya njia ya Busia amenyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwishowe akasema daktari anaondoka. Alisomea ubingwa miaka mitatu kwa mkopo wa benki, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumlipia. Sasa benki inakata zaidi ya nusu ya mshahara wake kila mwezi, na ana wadogo zake wanamtegemea. Hospitali moja ya matajiri kule Kampala imemwambia njoo kwetu, deni lako lote tunalilipa kwa mkupuo.

"Amelia," Nangila akasema. "Ameniambia, 'Mama, si kwamba nataka. Nimechoka.'" Akaubamiza ule mlango ukafunga. "Hao wa Kampala, wamenunua musawo, daktari wetu, pesa ngapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Geuza gari."

Niligeuza. Nilimwambia mafuta hayatoshi, na nikageuza. Alishuka, akaingia, akatoka baada ya dakika tano amefumba ngumi kana kwamba ile tarakimu ameishika ndani.

Jumapili baada ya ibada, Tuzikane ilikutana nyumbani kwa Erastus. Tulifunga tenti moja ili watu wakae kivulini, na Nangila akasimama chini ya tenti hiyohiyo na kusema tuiuze. Tuuze tenti zote, viti, sufuria, jenereta, spika. Tuongeze akiba tuliyonayo, tumlipie daktari deni lake, naye aandikiane nasi kwamba atakaa miaka mitano. Deni ni milioni ishirini na sita.

Bwana mmoja wa upande wa Kenya, Herbert, mwenye biashara ya samaki wa barafu, aliruka kwenye kiti. "Milioni ishirini na sita! Hiyo si ni ghorofa? Mama, unataka tumnunulie daktari ghorofa?" Alikuwa anapiga hesabu kwa shilingi za Kenya, kama wafanyabiashara wote wa Busia. Ilichukua muda kumwelewesha kwamba ni shilingi za Uganda, na alipoelewa aliona zimepungua mno, akasema kwa sauti, "Sasa kwani hiyo ni pesa?" Mzee wa watu hakujua alichofanya. Waliokuwa wameogopa tarakimu wakaanza kukaa vizuri.

Erastus alisimama akashika kola za suti. Alisema pesa ya mazishi haiguswi. Iliwekwa kwa ajili ya kifo, na ukiigusa kabla ya wakati wake unakiita. Alisema mambo ya madaktari ni ya serikali, na sisi hatuwezi kuwa serikali. Alizungumza kwa ustadi, na wazee wengi walikuwa wanatikisa vichwa kumkubali.

Kisha akasimama Oguttu. Oguttu alikuwa fundi wa injini za boti pale Majanji, mwanachama namba tatu wa Tuzikane, na mume wa Nangila.

"Mimi nimelipa miaka kumi na tisa," alisema. "Sijakosa mwezi hata moja. Nataka tenti yangu nne. Siku yangu ikifika, wewe mwanamke, mimi nitalala wapi?"

"Utalala ndani ya sanduku, Oguttu. Ndani ya sanduku jua haifiki."

Watu walicheka mpaka mwanamke mmoja akashika mbavu. Oguttu alichukua kofia yake akatoka. Nangila alimtazama akitoka, na niliona alitamani kuyarudisha maneno yale. Lakini hakumfuata. Alifungua daftari la stoo akaanza kusoma majina ya watoto waliochukuliwa sukari, tangu mwaka wa kwanza wa chama. Alisoma jina, umri, na jina la mama. Hakuongeza kitu. Alipofika kwa Arnold alisoma vilevile, mwaka mmoja na miezi miwili, mama yake ni Nangila. Wanawake walikuwa wanaitikia kila mmoja anaposikia lake. Baadaye wakaanza kuwataja na wale ambao hawakuandikwa kwa sababu wazazi waliona aibu kuja kuomba sukari.

Alipofunga daftari alisema, "Sisi tumejenga chama mzuri sana. Kazi yake ni kungoja mtoto akue, ndio afe kwa heshima. Mimi nimechoka kungoja."

Wanawake wote waliinua mikono. Vijana wakainua. Herbert akainua, bado anapiga hesabu. Erastus aliandika katika kumbukumbu kwamba yeye kama mwenyekiti anapinga, akaweka sahihi mara mbili.

Basi nikaanza kuiuza kazi yangu kwa gari langu mwenyewe. Tenti nilizivusha Kenya kwa bwana mmoja wa harusi. Viti vikaenda shule, sufuria zikaenda hotelini. Siku ya mzigo wa mwisho nilimwambia Nangila unga wangu umemwagika, na kwamba ameniangalia usoni miaka kumi na moja asinifikirie hata dakika moja.

"Una gari," alisema. "Hiyo gari haijui kubeba dagaa?"

Sasa nabeba dagaa, na Hajarah hapandi tena pikapu akiwa na nguo ya Idi.

Daktari Shallon aliposikia alikuja mwenyewe mpaka kwa Nangila, amekasirika. Nilikuwapo, napakia magunia.

"Mama, mimi siwezi kula pesa ya watu waliokufa."

"Waliokufa hawajalipa hata senti. Tumelipa sisi, tuko hapa." Nangila alikuwa anapepeta dagaa na hakuinua macho. "Na hatujakuuliza kama unapenda. Tumekuuliza kama utakaa miaka tano au hutakaa."

Daktari alicheka, halafu kile kicheko kikageuka kilio, akakaa juu ya gunia la dagaa na koti lake jeupe. Waliandikiana siku hiyo. Nusu ya deni ililipwa kwa pesa ya tenti na vyombo. Nusu ya pili ilikuwa itoke kwenye akiba na michango, na ilitakiwa benki kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano. Kampala walikuwa bado wanamngoja, nao walimpa mpaka siku hiyohiyo. Daktari alisema wazi: kama deni halijaisha Ijumaa hiyo, atakwenda, kwa sababu mshahara uliokatwa nusu umeshamshinda.

Oguttu hakumsemesha mkewe tangu mkutano ule. Alikula chakula chake, alikunywa chai yake, alinuna. Jumanne ya wiki ile ya mwisho ya mwezi wa tano alikwenda Majanji kutengeneza injini, akainama, akaanguka juu yake. Walipomwinua alikuwa amekwisha kufa.

Nililia, sitaficha. Alikuwa mzee mkorofi aliyekuwa ananilipa kwa samaki na kuniambia samaki ni wakubwa kuliko walivyo. Ukoo ulijaa uani kabla ya jua kutua. Mkubwa wao sasa alikuwa Moses, mdogo wake Oguttu, na Moses hakuchelewa kufika kwenye jambo. Nusu ya pili ya pesa ya daktari ilikuwa ndani ya nyumba ile, kwenye debe chini ya dagaa. Nangila aliamini hakuna mwizi anayevumilia harufu hiyo.

"Shemeji," Moses alisema, "pesa ipo ndani ya nyumba ya marehemu. Tunakodi tenti Kenya, tunanunua ng'ombe mbili. Ndugu yangu alilipa miaka kumi na tisa. Hawezi kuzikwa kwa jua kama mtoto."

Kama angesema Moses peke yake ingekuwa rahisi. Lakini Erastus naye alikuja, bila suti, amevaa shati tu, na alizungumza kwa upole. Alimwambia Nangila kwamba yeye aliyepinga ndiye anayemwambia leo: hakuna atakayemlaumu. Daktari atapatikana mwingine. Mume ni mmoja, na alikufa amenuna.

Hilo la mwisho lilimpata. Nilimwona Nangila anatazama mlango wa chumba alimolazwa Oguttu. "Nimesikia," alisema. Wote tulichukulia kwamba amekubali. Moses alianza kupiga simu za tenti. Mimi mwenyewe nilifikiri, na nasema kwa aibu, kwamba labda kazi yangu inarudi.

Alhamisi asubuhi nilileta kuni. Mfiwa wa Kisamia, mjane, hatoki nje ya boma kabla mume hajazikwa. Akitoka anatembea na kifo, na atakaokutana nao njiani watakipata. Hata mimi ambaye si mila yangu najua hivyo, na sijawahi kuona mjane akiivunja. Nikamwona Nangila anatoka mlangoni peku, amevaa nguo za mjane, kamba ya ukindu kiunoni, debe la dagaa kichwani.

"Hajji, washa gari."

Vilio vilikatika uani. Wanawake waliokuwa wanasonga ugali walisimama na miko mikononi. Moses alikimbia akasimama katikati ya lango, mikono ameitanua.

"Ukivuka hapa, wewe si mke wa ndugu yangu tena!"

"Nimekuwa mke wake miaka thelathini na moja." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Asubuhi hii nimekaa naye, nimemwambia pale nakwenda na sababu yake. Yeye ndiye mwenye haki ya kunikataza. Hakusema kitu."

"Amekufa, atasema nini!"

"Basi na wewe uliye hai usiseme. Toka kwa njia."

Mimi ni mgeni katika matanga ya watu, na mgeni hukaa kimya. Lakini mkono wangu ulikuwa kwenye usukani na niliona Sandra amesimama mlangoni, ana miaka karibu minne sasa, anakula kiazi. Nikapiga honi. Nikatia gia. Moses aliruka pembeni, na nasikia mpaka leo hataki salamu yangu.

Tulipofika barabara kuu ndipo Nangila alipolia. Alilia kwa sauti, debe amelikumbatia, machozi yakidondokea dagaa. "Nampenda yule mzee, Badiru. Kichwa yake ilikuwa ngumu, lakini nampenda. Ningempatia tenti kumi." Nilimwambia tunaweza kugeuza. Nilisema hivyo kwa kumwonea huruma. Alijifuta uso kwa kiganja akaniambia nitazame barabara.

Benki ilikuwa imejaa watu. Walipoona kamba ya mjane, foleni yote ilijitenga, kila mtu anatafuta ukuta wa kushika, na Nangila akafika dirishani akiwa wa kwanza. Yule binti wa dirishani alizihesabu noti huku ameziba pua. Nangila alimwambia azihesabu tena. Alipopewa risiti aliikunja mara nne akaificha kifuani.

Tulirudi kwa njia ya hospitali. Nilidhani atashuka, lakini aliniambia nisimame mbali na lango. Akanipa ile risiti.

"Peleka wewe. Huko kuna watoto. Mimi sitaingia na hii kamba."

Nilishuka bila kumtazama. Mbele ya wazee wote aliivunja ile mila, na mbele ya watoto wa wodini aliiogopa. Daktari Shallon alisoma risiti akiwa amesimama koridoni, akaisoma tena, akaniuliza mama yuko wapi. Nilimwonyesha pikapu kwa dirisha. Walitazamana kwa mbali, kila mmoja ameinua mkono.

Oguttu tulimzika Jumamosi, jua kali. Hapakuwa na tenti. Watu walikaa kwenye mikeka, kwenye mbao, kwenye madebe yaliyopinduliwa, wamejifunika vichwa kwa majani ya migomba. Wengine najua walikuja kuona aibu ya Nangila, na waliiangalia vizuri, maana haikuwa na kivuli cha kujificha. Spika haikuwapo, kwa hiyo Erastus alilazimika kupaza sauti, na koo lilimshinda baada ya dakika kumi, hotuba yake fupi kuliko zote. Daktari Shallon alikaa chini kwenye vumbi katikati ya akina mama, na kila mtoto aliyewahi kumchoma sindano alikuwa anamkimbia. Moses alisimama peke yake kwenye uzio na hakukaa mpaka mwisho.

Baada ya udongo kuwekwa, Nangila alinifuata.

"Nenda stoo, Hajji. Leta sukari ya watoto."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ile?"

"Ile. Yote."

Sukari ilikuwa imegandamana kuwa mawe. Niliipasua kwa mpini wa jeki, nikaichekecha kuondoa sisimizi, na Nangila akaitia kwenye mapipa ya chai kwa mikono miwili bila kupima. Chai ilitoka nzito, tamu, ya kubandua ulimi. Watu walinywa na kutazamana. Erastus alionja, akakunja uso.

"Mama Nangila, hii chai imezidi sukari. Ni nani aliyetia?"

"Mimi." Alikuwa amesimama mbele yake na birika. "Kunywa, Mwenyekiti. Hiyo ni ya watoto wa mwaka jana, na wa mwaka juzi, na wa mwaka huu. Hawakuihitaji."

Erastus aliinamia kikombe chake. Uani watoto walikuwa wanafukuzana kati ya mikeka, wanakanyaga miguu ya wageni, Sandra akiwa mbele, na hakuna mtu mzima aliyewanyamazisha. Mwalimu mkuu alikunywa mpaka mwisho. Kisha alinyoosha mkono aongezewe.

Nangila alimwongeza. Halafu akajimiminia kikombe chake, akakaa chini kwenye udongo mbichi kando ya mumewe, akakinywa chote.